Waya wa Njano

Kama kuna televisheni iliyofutwa vumbi kuliko zote katika mtaa ule, basi ni ile ya nyumbani kwa Bi Mkubwa. Kila siku, saa kumi alasiri, alichukua kitambaa chake cha pamba, akaingia chumbani kwa mumewe, akaizunguka meza na kuinama nyuma ya kioo. Alifuta juu, akafuta ubavuni, na mwisho mkono ulishuka kule chini kwenye nyaya tatu zilizotoka kwenye king'amuzi: mweupe, mwekundu na wa njano. Hapo vidole viwili viliushika ule wa njano na kuuvuta. Hakuuchomoa. Aliulegeza tu, kiasi cha upana wa ukucha.

Picha ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Rangi zikapauka, wasomaji wa habari wakageuka kijivu, mistari ikapanda na kushuka.

"Mawimbi mabaya tena," mumewe alisema kutoka kitandani.

"Mabaya," aliitikia, akifuta.

"Zima basi. Nilale kidogo."

Alizima, akashusha pazia, akatoka kwa mlango wa nyuma na viatu vyake mkononi. Saa moja tu kwa siku. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani, na aliipata kwa kuiba.

Jina la Bi Mkubwa alipewa na majirani siku walipogundua kwamba kuna bi mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, kama kawaida. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na mtaa mzima ulimwita Dereva hata baada ya usukani kumtoka mikononi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na nyumba nyingine huko mpakani, na mke mwingine, na mapazia mengine. Akirudi huku alikaa siku tatu, akala, akalala, akaondoka. Hakuwahi kuaga. Bi Mkubwa alikuwa akiamka asubuhi na kukuta upande wa pili wa kitanda umepoa.

Kisha kiharusi kikampiga Dereva, kikaua upande wake wote wa kushoto. Yule wa mpakani alimvumilia miezi miwili. Mwezi wa tatu akampakia kwenye lori la rafiki yake, yeye na godoro lake, akashushwa mlangoni kwa Bi Mkubwa kama gunia lililokosa mwenyewe.

Watu walimuuliza, mbona umempokea? Wengine walimsifu eti ana moyo wa dhahabu. Moyo wa dhahabu! Laiti wangejua. Bi Mkubwa hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ile alibeba matofali yake kichwani, akachota maji ya saruji, akafua nguo za watu mpaka kucha zikalainika, ili mabati yapatikane. Lakini hakusoma hata darasa moja. Siku moja, wakati Dereva bado ana miguu yake, alikuja na dada yake na karatasi. Wakamwambia ni fomu ya kuunganishiwa umeme. Akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza, na tena akabonyeza kwa nguvu ili litoke vizuri. Juma lililofuata umeme uliwaka kweli, naye akacheka kwa furaha chini ya taa. Miaka mitatu baadaye ndipo alipoambiwa kwamba karatasi zilikuwa mbili. Ile ya pili ilisema nyumba ni ya Dereva na dada yake, naye hana dai. Akiondoka, ameondoka na nguo zake.

Basi alibaki. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kila baada ya saa chache ili mgongo usichubuke. Kando ya kitanda aliweka kikombe cha bati na kijiko. Dereva akitaka kitu hugonga kijiko kwenye kikombe, na sauti ile, ngli, ngli, ilimfikia Bi Mkubwa popote alipo, jikoni, uani, hata usingizini. Maneno ya Dereva yalikuwa yakitoka polepole, lakini kijiko hakikuwa na kigugumizi. Tangu mumewe arudishwe, Bi Mkubwa hakuwahi kumwita kwa jina lolote. Alisema "kula", "geuka", "fumba macho nikuoshe". Binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa akipiga simu mwisho wa mwezi na kusema, "Vumilia, mama." Kana kwamba alikuwa na kazi nyingine.

Matata ya waya yalianza siku madereva wenzake walipomletea mgonjwa televisheni kubwa ya bapa mahali pa ile ndogo ya zamani. Waliiweka mezani, wakaiunga na king'amuzi cha zamani kwa waya wa zamani wa rangi tatu, wakapiga makofi. Picha ilitoka, lakini kwa kioo kikubwa kama kile ilikuwa na ukungu. Nyuso zilikuwa kama zimetazamwa kupitia maji ya mchele, na yale maandishi madogo yanayopita chini hayakusomeka.

Wifi yake, yule yule dada wa karatasi, alikuja Jumapili na kusimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Hii ni aibu, wifi. Televisheni ya kisasa na waya wa mababu! Kwa nini usimnunulie ndugu yangu ule wa dijitali?"

"Sijui mambo ya nyaya mimi."

"Huna haja ya kujua. Nenda kwa Fundi Miwani, sema 'nataka wa dijitali'. Hata mtoto anaweza. Au hilo nalo litaandikwa kwanza ndiyo ubonyeze dole?"

Akacheka peke yake. Dereva alitazama dari.

Kesho yake asubuhi Bi Mkubwa alikwenda. Fundi Miwani alikuwa mtu wa makamo aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kutengeneza redio kwa macho matupu.

"Karibu, Bi Mkubwa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea kuugua."

"Na wewe?"

Bi Mkubwa alishtuka. Swali hilo hakuwa ameulizwa siku nyingi. "Nipo," alisema. "Nimetumwa waya wa televisheni."

Fundi akaweka nyaya mbili juu ya meza. Mmoja ulikuwa mweusi, mnene, na kichwa kimoja cha bapa kila upande. Wa pili ulikuwa wa rangi tatu kama ule wa nyumbani, ila mpya.

"Huu mweusi ndio mfalme wa sasa. Kichwa kimoja, tundu moja. Picha na sauti zinapita njia moja, kama mume na mke."

"Wale wanaopita njia moja," alisema Bi Mkubwa.

Fundi alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Haya, huu wa pili ni mzee wetu, analogi. Njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Kila mmoja na safari yake. Kazi anafanya, lakini ndiyo hivyo, uzee na ukungu."

Bi Mkubwa aliushika ule mweusi, akauzungusha. "Huu ukilegea inakuwaje? Picha inatetemeka?"

"Kutetemeka? Mama, hii ni dijitali! Haijui kuugua nusunusu. Ama ipo, ama haipo. Tena ukichomoka, televisheni yenyewe inakuandikia kiooni kwamba hakuna kinachoingia. Tazama."

Akawasha televisheni ya dukani. Picha ilikuwa safi kiasi cha kumfanya Bi Mkubwa arudi hatua moja. Maandishi yalipita chini ya kioo, na hata yeye asiyejua a wala be aliona kila herufi imesimama peke yake, kama watu kwenye foleni. Kisha fundi akauchomoa waya. Mara kioo kikawa cheusi na maneno yakatokea katikati.

"Unaona? Inasema yenyewe. Haifichi kitu."

"Na mtu aliyelala kitandani akisoma hapo, anajua ni waya."

"Anajua mara moja. Anakuita uurudishe."

Bi Mkubwa alisimama pale, waya mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Fundi alidhani anapima bei. Alikuwa anapima saa moja. Aliona alasiri zake zote zikipangwa mbele yake, safi, bila ukungu, yeye kwenye kiti kando ya kitanda na kioo kikimwangazia uso mpaka jua lizame, na kesho yake vile vile, na mwaka kesho vile vile, mpaka mmoja wao afe. Na alijijua kwa bahati zake, angetangulia yeye.

"Nipe wa rangi tatu."

"Bi Mkubwa! Dunia inakwenda mbele, wewe unarudi nyuma?"

"Mbele kuna nini cha kunisubiri, fundi? Nifungie."

Nyumbani, Dereva alimtazama akiingiza vichwa vipya kwenye matundu, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe.

"Huo si wa dijitali."

"Zimekwisha. Amesema mpaka mzigo mwingine uje."

"Zimekwisha zote?"

"Zote."

Dereva alimkazia macho kitambo, kisha akageukia kioo. "Basi," alisema. "Huu nao ni mpya."

Saa kumi ilipofika, kitambaa kilitoka, vumbi lisilokuwepo likafutwa, njano ikalegezwa. Mawimbi mabaya. Zima, nilale.

Katika nyumba ya tatu nyuma ya ua aliishi Mama Pacha, mshonaji wa foronya, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Bi Mkubwa hakuwa na shughuli kwake. Alikwenda kuketi tu. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu, na Mama Pacha akamletea kikombe cha chai. Chai yenyewe haikuwa na ajabu, wakati mwingine sukari ilizidi. Lakini ilikuwa chai aliyopikiwa. Kwa siku nzima, tangu alfajiri, hicho ndicho kitu pekee kilichoingia kinywani mwake bila yeye kukiwashia moto.

"Leo umechelewa, shoga. Mawimbi yaligoma kuharibika?"

"Nyamaza. Wifi anataka niweke waya wa dijitali. Nimenunua huo huo wa zamani."

Mama Pacha akaacha cherehani. "Kwani huwezi kumwambia tu, 'natoka, narudi'? Mtu hawezi hata kukunja ngumi, unamwogopa nini?"

"Simwogopi."

"Sasa?"

"Nimuombe ruhusa?" Sauti yake ilipanda. "Yeye alitoka miaka kumi na minne, aliniaga? Aliniomba? Leo mimi nisimame mbele ya kitanda chake, 'tafadhali naomba saa moja'? Afadhali nimwibie. Mwizi angalau anajua alichokipata ni chake."

"Ee, makubwa," alisema Mama Pacha. "Kunywa, itapoa."

Alikuwa amefika nusu ya kikombe aliposikia ngli, ngli, ngli. Akainuka wima, chai ikamwagika. Katika saa yake ya wizi kijiko hakikuwahi kulia hata siku moja. Siku zote alidhani ni kwa sababu mgonjwa amelala.

Alikimbia. Alipoingia kwa mlango wa nyuma alisikia sauti ya wifi yake kabla hajamwona.

"Gizani! Nimemkuta ndugu yangu gizani, pazia chini, televisheni imezimwa, mlango wa nyuma wazi kama zizi!" Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba na waya mweusi mkononi, bado kwenye mfuko wake. "Tena nimepita kwa Fundi Miwani. Nyaya za dijitali zimening'inia pale kama mikufu ya bibi harusi. Nawe umemwambia zimekwisha! Wifi, unamfanyia nini huyu mtu?"

Bi Mkubwa alikwenda akapandisha pazia.

"Nakuuliza ulikuwa wapi. Hii nyumba ina wenyewe, usisahau. Karatasi ipo. Na dole gumba lako lipo pale pale ulipoliweka. Kama kazi imekushinda sema, tutatafuta mtu."

"Mimi nimemtuma," alisema Dereva.

Wanawake wote wawili wakageuka.

"Nimemtuma kwa jirani," alisema polepole, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayeshusha mizigo. "Na waya, mimi nilimwambia achukue huo. Ule mwingine una mwanga mkali. Macho yangu yanauma."

"Lakini si umesema alikwambia zimekwisha..."

"Nimesema mimi."

Wifi aliguna, lakini hakuwa mtu wa kurudi na kitu alichokinunua. Alizunguka meza, akang'oa nyaya za rangi tatu zote kwa pamoja, akachomeka mweusi. Kioo kikawaka. Hata yeye akakodoa macho, jinsi picha ilivyokuwa safi. "Macho yatazoea," alisema, akaaga na kuondoka.

Bi Mkubwa aliokota nyaya za rangi tatu sakafuni, akazizungusha kwenye kiganja. Hakuelewa. Mtu huyu hakuwahi kusimama upande wake hata siku moja.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Umechoka," alisema Dereva.

"Nimekuuliza kwa nini umedanganya."

"Wewe si ulidanganya kwanza?" Nusu hai ya mdomo wake ikajaribu kutabasamu. "Miaka thelathini nimetafuta waya uliolegea kwenye taa za lori, gizani, kwenye mvua. Unadhani waya uliolegea siujui? Mawimbi yakikatika kwenye king'amuzi, picha inaganda, inakatika vipande vipande, na sauti inakatika nayo. Yako haikuganda hata siku moja. Ilitetemeka tu, na sauti inaendelea kusema."

Nyaya zikaacha kuzunguka mkononi mwake.

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na usingizi?"

"Silali. Nasikia mlango wa nyuma. Nasikia unacheka kule kwa mshonaji." Akapumua. "Nikasema, mwache. Kijiko nakiweka mbali ili nisikigonge kwa bahati mbaya. Leo nimekigonga huyu dada yangu alipoingia. Nilijua atakusumbua."

Alisema hayo kwa upole, na alitazamia kitu usoni mwake. Labda machozi, labda shukrani. Bi Mkubwa alihisi kana kwamba mtu amemvua nguo sokoni. Miezi saba alikuwa ameamini kwamba katika siku yenye saa ishirini na nne, moja anayo yeye. Kumbe na hiyo ilikuwa ya Dereva. Alikuwa akimpa kila alasiri, kama alivyokuwa akimpa zamani hela ya sabuni.

"Nani alikuomba?" alisema.

"Sikusema uniombe. Kuanzia kesho usihangaike na waya. Ikifika saa kumi, toka tu. Nimekuruhusu."

Neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Akatoka chumbani.

Kesho yake saa kumi ilifika. Kwenye kioo kisafi mtu alikuwa akieleza habari za mvua, na Dereva, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, alisoma maandishi yale madogo kwa sauti. Kisha akasema, "Saa kumi hii. Nenda."

"Sitaki."

Akakaa kwenye kiti. Kutoka ng'ambo ya ua alisikia kicheko cha Mama Pacha, na alijua chai yake imo kwenye kikombe inapoa. Hakuinuka. Mkono wake mmoja ulishika kitambaa kwa mazoea, ukafuta nyuma ya televisheni, ukateremka, ukakuta waya mmoja mnene umekaa imara kama msumari. Mkono ukarudi mtupu.

Siku ya tatu aliamua kuiba upya. Alichagua saa nane mchana, saa ambayo hakuwa amepewa, tena saa ya kumgeuza mgonjwa, mgongo wake unapoanza kuwaka moto. Alikiweka kijiko ndani ya kikombe, na kikombe karibu kabisa na mkono wake mzima. Hakushusha pazia. Hakuzima kitu. Alivaa viatu mbele yake, akatoka kwa mlango wa mbele na kuubamiza, nyumba ikatikisika. Sasa gonga, alisema moyoni. Gonga mpaka bati litoboke. Leo utaita na sitakuja, kama mimi nilivyoita na hukuja.

Mama Pacha alishangaa kumwona mapema, lakini akabandika chai. Bi Mkubwa aliketi kwenye ndoo, akatega sikio. Aliijua ratiba ya mwili ule kuliko mwenyewe anavyoijua. Sasa ubavu unaanza kuuma. Sasa anasaga meno. Sasa mkono unakwenda kwenye kijiko.

Chai ikaletwa.

"Mbona hunywi?"

"Nyamaza kidogo, shoga. Nasikiliza."

Kuku walikwaruza uani. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Sauti ya televisheni ilimfikia hafifu kupitia dirisha, safi, bila kukwama. Robo saa ikapita, ikaisha nusu saa. Kijiko hakikulia.

Alielewa. Mtu yule alikuwa amelala pale na mgongo unaowaka, kijiko ki kando ya vidole vyake, na hakigongi. Alikuwa akimpa na hii.

Chai ilikuwa imefanya utando juu. Bi Mkubwa aliiweka chini bila kuonja, akainuka, akapita uani polepole kwa miguu mizito, akaingia kwa mlango wa nyuma. Dereva alikuwa na jasho usoni na macho yamefumbwa. Akayafumbua.

"Mbona umerudi mapema?" alisema.

Bi Mkubwa alikunja mikono ya gauni, akapitisha mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga.

"Geuka," alisema.